Madereva na wote mnaonunua kapsuli za kisonono dukani, someni hapa kabla hamjameza (uzi mrefu)

TRELA_MALABA

Wandugu habari za mlipo. Niko hapa Malaba foleni haijasogea tangu asubuhi, nimeona bora niandike hii kitu ambayo nimeibeba muda mrefu. Mimi ni dereva, barabara yangu ni Malaba mpaka Kampala halafu juu Elegu, mwaka wa kumi na moja sasa. Najua humu mko wengi wa barabarani, wa Busia, wa Mutukula, wa Mpondwe, maaskari wamo, wasichana wa chuo nao wamo, kwa hiyo ntaandika wazi, mwenye kuona aibu aruke.

Ilianza Naluwerere. Kila dereva anapajua Naluwerere, tunalala pale, na yanayofanyika usiku pale siwezi kusema sikuyafanya. Siku ya nne hivi baadaye nimeenda kukojoa nyuma ya tairi nikasikia moto. Sio kuwashwa, moto kabisa, nilishika ubavu wa trela nikafumba macho nikangoja upite. Kucheki chupi, usaha wa njano. Nikajua hii ni enziku, kisonono. Nikafanya mnachofanya wengi wenu, duka la dawa la kwanza nililoliona barabarani, yule dada hakuniuliza hata swali moja, akahesabu kapsuli kumi za rangi mbili akazifunga kwa kipande cha gazeti. Siku ya pili moto umeisha. Nikaacha kumeza, zikabaki nne pale kwa dashibodi.

Wiki tatu hivi, imerudi. Nikanunua tena, ikaisha, ikarudi, nikabadilisha duka nikapewa sipro, ikarudi. Na kila safari ikiisha mimi narudi Tororo kwa mama watoto kama kawaida. Sikumwambia. Yeye naye alikuwa analalamika tumbo la chini, pahali alipoenda wakamwambia ni UTI ya choo, wakampa vidonge vyake. Yaani kila mtu anameza vyake kwa siri yake, tunalala kitanda kimoja, tunarudishiana.

Sasa katikati ya hayo mambo kilinitokea kidonda. Kimoja tu, kama punje ya mahindi, hakiumi, hakiwashi, hakitoi usaha. Nikadhani zipu ndo imenikwaruza. Kikapona chenyewe bila dawa yoyote nikakisahau. Kumbe ule moto wote haukuwa na hatari kama hako kakidonda kasikouma, ile ndo kaswende, kabotongo wanavyoiita Kampala.

Mama watoto akashika mimba. Mwezi wa saba mtoto akatoka ameshakufa. Tulizika sisi na mama yangu na jirani mmoja, na maneno yalisemwa mengi, mpaka mtu akatajwa kwa uchawi, na mimi nilikaa pale nikasikiliza nikanyamaza.

Mimba iliyofuata alienda kliniki ya wajawazito mapema, wakamtoa tone la damu kidoleni, kipimo kimoja kinaonyesha VVU na kaswende pamoja. VVU hakuna. Kaswende ipo. Alinipigia niko Karuma, hakunitukana, alisema tu baba fulani musawo (mganga wa kituo cha afya) anakutaka, njoo. Ile safari ya kurudi sitaisahau.

Musawo alituingiza wote wawili chumba kimoja akafunga mlango. Akanipima na mimi, tukakaa tunakaangalia kale kakipimo, mstari ukatokea. Akaniuliza kama nimewahi kupata kidonda kisichouma, na hapo ndo nikasema yote, Naluwerere, kapsuli, zipu, mama watoto amekaa hapo pembeni. Alikaa kimya, halafu akamuuliza musawo kitu kimoja tu, "Na yule mtoto?" Musawo akasema mama, sasa hivi siwezi kukwambia kwa uhakika, lakini huu ugonjwa huwa unaua watoto tumboni, na huyu uliyembeba tumemuwahi.

Tukachomwa penisilini ya benzathini. Kwa wasioijua, ni nyeupe nzito kama maziwa, sindano yenyewe nene, unachomwa tako hili na lile. Kwa sababu haikujulikana tunayo tangu lini, musawo akasema mara tatu, wiki kwa wiki. Niliendesha mpaka Iganga nimekaa upande. Wiki ya pili nilikuwa Gulu, alikuwa ameniandikia karatasi, nikaionyesha kituo cha huko nikachomwa. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, saa hii anakimbia.

Hela ya kapsuli niliyotumia ile miaka miwili haikuponya mtu, kwa sababu nilikuwa nameza peke yangu. Kama una mtu unalala naye, ugonjwa ni wenu wawili na dawa ni yenu wawili, siku moja. Hiyo ndo sababu nimeandika.

KIJANA_KIKUUBO

Pole sana mzee kwa mtoto. Lakini mimi naona hii maneno ya kupeleka mke kupimwa ni kujitafutia vita tu. Na mara nyingi wao ndo wanatuletea, mimi nikipata naona dalili siku hiyohiyo, yeye anasema hana kitu, si anaficha? Kuna jaja, mzee mmoja pale kwetu, anachemsha mululuza, yale majani machungu, na mizizi mingine, unakunywa wiki moja inaisha kabisa, nimetumia mwenyewe.

MUSAWO_NYABO

Kaka wa Kikuubo nakujibu kwa upole kwa sababu hilo swali naletewa kila wiki, niko kituo cha afya huku mpakani mwaka wa tisa.

Hafichi. Mwili wake ndo haumwambii. Mwanaume akipata kisonono, ndani ya siku mbili mpaka saba hivi usaha unatoka na moto anausikia. Mwanamke wengi wao hawasikii kitu, kijidudu kinakaa kwenye mlango wa kizazi ndani kabisa, hakuna anachoona. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ndo mbaya zaidi, karibu wanawake saba kwa kumi hawana dalili yoyote, na wanaume nusu yao vilevile hawana. Kwa hiyo ukitaka kujua nani kaleta kwa kuangalia nani kaugua kwanza, hutajua, na mmeshapigana bure. Mimi siku hizi wakija wawili wakaanza "ni wewe, ni wewe" nawaambia mimi sina kipimo cha kujua nani alianza, nina kipimo cha kujua nani anaumwa, toeni vidole.

Na huo mululuza. Dalili za kisonono na za kaswende zinaweza kupungua au kuisha zenyewe hata ukinywa maji matupu. Kaka Trela kidonda chake kilipona bila dawa, si ndio? Kaswende haijatoka, imeingia ndani. Wiki chache baadaye inaweza kuja vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinaondoka, halafu inanyamaza miaka, baadaye sana ndo inakuja kugusa moyo na ubongo. Kwa mwanamke kisonono na klamidia zikipanda juu zinaziba mirija, mimba inatunga nje ya kizazi au haishiki kabisa. Nina wanawake wanaokuja wameachwa kwa ugumba, ukiuliza historia unakuta mume alikuwa anameza kapsuli kimyakimya miaka ile.

Halafu sipro. Jamani sipro kwa kisonono muiache. Vipimo vya maabara Kampala vimeonyesha kisonono cha hapa kwetu karibu chote kimeizoea. Sasa hivi tunatumia sindano ya seftriaksoni au vidonge vya sefiksimu, na tunaongeza doksi asubuhi na jioni siku 7 kwa ajili ya klamidia maana hizo mbili zinatembea pamoja. Mjamzito doksi hapewi, ana yake. Na kumi ukimeza sita ukaacha nne kwa dashibodi, hapo unakifundisha kijidudu kuizoea dawa.

AISHA_WNDGY

Naomba kuuliza na msinicheke. Niko hosteli Wandegeya, tunatumia choo kimoja wasichana kama kumi na mbili, karibu wote tumeshawahi kuambiwa tuna UTI. Mimi hii ni mara ya tatu tangu muhula uanze. Nakojoa inauma, na kuna uchafu unatoka una harufu, na nikiwa na mtu wangu inauma ndani. Nimemeza dawa za UTI za dukani inaisha inarudi. Nimenunua na ile sabuni ya maji ya kuosha ndani. Kwani choo hakiwezi kuambukiza kweli?

MUSAWO_NYABO

Hakuna wa kukucheka mwanangu.

UTI ipo kweli na wanawake tunaipata sana kwa sababu njia yetu ya mkojo ni fupi, lakini ile huwa ni bakteria wa tumboni mwako mwenyewe, sio wa mtu aliyekaa kwenye choo kabla yako. Kijidudu cha kisonono kikitoka nje ya mwili hakidumu, hakikai kwenye sinki kikikusubiri. Hili neno UTI hapa Uganda limekuwa shuka la kufunikia kila kitu, mtu anaona aibu kusema zinaa, mwenye duka anaona aibu kuuliza, wanakubaliana kuiita UTI na candida (fangasi), na maisha yanaendelea.

Fangasi inawasha na uchafu wake ni mweupe mzito kama bongo, yale maziwa mgando, mara nyingi haina harufu. UTI inauma kukojoa na kwenda kila saa. Ila uchafu wenye harufu, na maumivu ya ndani ukiwa na mtu, na kurudirudi kila baada ya kukutana na mtu huyohuyo, hiyo hapana, hiyo nenda ukaonwe. Inaweza kuwa trikomona, inaweza kuwa klamidia, inaweza kuwa bakteria wa uke wamevurugika tu, na hiyo sabuni ndo inavuruga, iache leo. Uke unajisafisha, wewe osha nje na maji.

Na nenda na mtu wako. Akikataa, omba kikaratasi cha mwenzi, tunakiandika, anakipeleka kituo chochote anatibiwa. Mkishatibiwa wote msikutane siku 7 mpaka dawa ziishe.

AFANDE_BOMBO

Mimi ni mzee, nimestaafu jeshi, naishi hapa Bombo. Nimesoma ya huyu dereva nikakumbuka mbali. Silimu, yaani UKIMWI, ilipoanza 1982 kule Kasensero, Rakai, wavuvi wanakonda wanakufa, watu wakasema ni uchawi. Sawasawa na huyu kijana walivyosema kwa mtoto wake. Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kusaidia wagonjwa wa UKIMWI, 1987, halafu 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akajitokeza mbele ya watu akasema mimi ninao, na kuna waliomwambia anadanganya. Nimezika vijana wa kikosi changu waliokuwa wanaambiana ni malaria. Aibu ndo iliyotumaliza kuliko kile kirusi.

Sasa kuna kitu nataka vijana wakijue. Wengi siku hizi wanatahiriwa, ni vizuri, utafiti wa hapahapa kwetu Rakai, ulitoka 2007, ulionyesha mwanaume aliyetahiriwa hatari yake ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke inapungua karibu nusu. Lakini nasikia kijana anasema mimi nimeshakatwa sina haja ya mpira. Nusu sio yote. Na hawa hawa wa Rakai waliangalia na magonjwa mengine, malengelenge yalipungua, kirusi cha HPV kilipungua, kaswende haikupungua. Kaswende haiulizi umetahiriwa.

KIJANA_KIKUUBO

Afande asante, hiyo ya kaswende sikuijua. Musawo nimekuelewa pia. Lakini niambie ukweli, mpira si unazuia yote? Mimi huwa natumia ila sio kila siku.

TRELA_MALABA

Acha nijibu mimi hapo halafu musawo anirekebishe. Mimi zamani mipira ilikuwa inakaa kwenye dashibodi, jua la Karuma mnalijua, plastiki yenyewe ya dashibodi inapasuka, sembuse mpira. Ilikuwa inakatika nasema ni feki, kumbe mimi ndo naipika. Siku hizi inakaa chini ya kitanda kwenye kabini, kwenye kopo. Na wale wa kupaka mafuta ya Vaseline au ya kupikia, yanakula mpira, unapasuka ndani ya dakika chache, tumia mafuta ya maji yale ya kliniki. Na uvae tangu mwanzo, sio "ngoja kidogo kwanza".

MUSAWO_NYABO

Sawa kabisa. Naongeza hapa: mpira ukiuvaa vizuri kila mara unazuia sana VVU, kisonono, klamidia na trikomona, maana hizo zinapita kwenye majimaji. Kaswende, malengelenge na masundosundo zinapita ngozi kwa ngozi, kidonda kikiwa mahali mpira haufiki, kama kwenye korodani au paja, unaweza kupata. Unapunguza lakini haumalizi. Ndo maana mtu mwenye wapenzi wengi tunamwambia apime hata kama anatumia mpira, kila miezi mitatu.

Na ukiteleza, mpira ukapasuka na hujui hali ya mwenzako, usikae nyumbani unaomba Mungu tu. PEP ipo, dawa ya kuzuia VVU baada ya kuteleza, unaianza ndani ya saa 72, mapema ndo bora, unameza siku 28. Kwa anayejua kazi yake au ndoa yake inamweka hatarini kila siku, kuna PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla. Na kuna sindano ya kujikinga na VVU ya mara mbili kwa mwaka, utafiti wake ulifanywa Afrika Kusini na hapa Uganda, majibu yalitoka 2024, wanawake zaidi ya 2000 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Niliposoma yale majibu nililia, nisiwafiche.

WESTNILE_BOY

Huku Arua mmesahau homa ya ini B. Inapita kwa ngono pia, na West Nile na kaskazini yote iko juu. Watoto wanachanjwa tangu 2002, sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa utotoni. Pimeni, kama huna wanakuchanja mara tatu. Kaka yangu tulikuja kujua ini limeshakuwa jiwe.

MAMA_BWERA

Musawo naomba na mimi unisaidie. Mimi ni mfanyabiashara huku Bwera navuka Mpondwe kila siku. Mwaka juzi nilikutwa na kaswende nikachomwa zote tatu, na mume wangu pia. Mwezi uliopita nimepimwa tena kile cha kidole ikasema bado ipo. Mume wangu amebadilika, anasema nimetoka nje. Mimi Mungu anajua sijatoka. Na wanataka kunichoma tena.

MUSAWO_NYABO

Mama yangu pole, na msome hii wote kwa sababu inavunja ndoa za watu bure.

Kile kipimo cha kidole hakiangalii kijidudu, kinaangalia askari wa damu waliopigana nacho. Ukishaugua kaswende hata mara moja ukapona, wale askari mara nyingi wanabaki maisha yako yote, kwa hiyo kipimo kitasema ndio mpaka uzeeni. Hakimaanishi umeambukizwa tena. Cha kukujibu ni kipimo kingine, RPR, kinatoa namba. Muulize aliyekupima kama ana RPR, kama hana akuelekeze hospitali ya wilaya. Una karatasi zako za zamani?

MAMA_BWERA

Ninazo, nilizitunza kwenye Kurani ya mume wangu. Ya kwanza imeandikwa RPR 1:32.

MUSAWO_NYABO

Mungu akubariki kwa kuitunza. Nenda ukapime RPR, uje na namba.

TRELA_MALABA

Mama Bwera na mzee aende. Mwambie dereva mmoja wa Tororo amemuomba.

AISHA_WNDGY

Nimerudi kuwaambia. Nilienda jana. Musawo alinipima mkojo, UTI hakuna. Amenipa dawa na kikaratasi cha mwenzangu. Nilimtumia picha ya hicho kikaratasi usiku. Amesoma, amenijibu yeye hana kitu chochote, kwamba niulize wengine wangu. Sina wengine. Sijui nimwambieje.

TRELA_MALABA

Binti yangu, mimi ningekuwa huyo kijana ningejibu hivyohivyo, nilikuwa naogopa tu. Usibishane naye kuhusu nani. Mwandikie alivyosema musawo hapo juu, kwamba wanaume nusu hawasikii kitu. Mwambie unaenda tena na utamsubiri mlangoni. Kama ni mtu wa kukupiga au kukutishia usimfuate, rudi kwa musawo peke yako umwambie, wampigie wao.

MUSAWO_NYABO

Hapo kaka umesema la maana. Kuna wanawake wamepigwa kwa kupeleka hicho kikaratasi. Tuko tayari kupiga simu sisi, na hatutaji jina lako wala ugonjwa, tunamwita tu kwa uchunguzi.

MAMA_BWERA

Nimepata namba. 1:4. Nimeenda na mume wangu.

MUSAWO_NYABO

Alhamdulillahi. Kutoka 32 mpaka 4 imeshuka mara nane, sisi ikishuka mara nne tu tunasema dawa imefanya kazi. Umepona mama. Sindano huhitaji. Muonyeshe mzee hizo karatasi mbili ziwekwe pamoja, na mtu yeyote akikupima tena kidole umwonyeshe kabla hajasema kitu. Ukiwa hukohuko waulize siku ya kupima mlango wa kizazi, wanapaka siki wanaangalia, dakika chache tu. Saratani hiyo ndo inaua wanawake wetu zaidi ya saratani nyingine zote na inaletwa na HPV. Kama una binti wa miaka 10 achanjwe, chanjo ni ya bure tangu 2015.

MAMA_BWERA

Ninaye. Ntampeleka. Mume wangu amekaa hapa anasoma na mimi, anasema asante dereva.

AISHA_WNDGY

Amekuja. Tuko kwenye benchi wote wawili, hatujaongea sana. Namba yetu ni 14, sasa hivi ameingia wa 9.

MUSAWO_NYABO

Mkiingia muombe na kipimo cha kaswende na VVU kwa wote wawili, msitoke bila hivyo.